Akinywa ananitishia kuniua, asubuhi hakumbuki. Ni pombe au ni yeye?

Swali: "Tunaishi Igombe, mume wangu anavua dagaa, tuna watoto watatu. Wakati wa giza yuko ziwani na nyumbani kuna amani. Mbalamwezi ikiingia wanapumzika, wanapewa mgawo wao, na hapo ndipo pombe inapoanza: kwanza bia, pesa ikipungua anahamia kwenye gongo, na siku hizi anatafuna na mirungi. Akirudi usiku anatukana na kunipiga. Mara mbili amesema ataniua. Mara ya pili alikuwa na panga mkononi, akanikaba shingo. Asubuhi anasema hakumbuki kitu, analia, anakwenda kununua nyama. Mama mkwe anasema si yeye, ni pombe, nivumilie. Jirani ananiambia kuna dawa ya kuweka kwenye uji, akiinywa ataichukia pombe. Je, ni kweli ni pombe tu? Akiacha, yataisha? Na vile vitisho ni vya kweli au ni maneno ya mlevi?"

Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa hilo haliwezi kungoja. Vitisho hivyo ni vya kweli, vichukulie kwa uzito wote. Walevi wengi husema "nitakuua" na hawaui, hilo najua. Lakini katika maelezo yako kuna mambo mawili uliyoyapitia haraka kana kwamba ni madogo, nayo ndiyo makubwa kuliko yote: panga, na kukabwa shingo.

Kukabwa si sawa na kofi wala ngumi. Damu ya kichwani ikizuiwa shingoni, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi, na dakika chache zinatosha kumuua. Mara nyingi hakuna alama inayobaki kwenye ngozi, ndiyo maana wanawake wengi huona lilikuwa jambo la kupita. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulilinganisha wanawake waliouawa na waume au wapenzi wao na wanawake wengine waliokuwa wakipigwa nyumbani. Aliyewahi kukabwa alikuwa na uwezekano wa takriban mara 7 zaidi wa kuja kuuawa. Kwa hiyo siku ile alipokushika shingo ulivuka kutoka hali moja kwenda nyingine, hata kama asubuhi yake aliamka akilia.

Ukiwa tangu siku hiyo umepata sauti ya kukwaruza, maumivu ya kumeza, uvimbe wa shingo, kizunguzungu, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, au kama ulizimia au mkojo ulikutoka wakati anakukaba, nenda ukaonwe na daktari hata kama siku zimepita. Uvimbe wa ndani ya koo na mishipa ya damu iliyochubuka huweza kuleta shida baadaye, ukiwa umeshajihesabu mzima. Kama una mimba, nenda hata bila dalili yoyote. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, watakuandikia rufaa ya hospitali kubwa za Mwanza, Sekou Toure au Bugando, ikibidi, na mwambie mganga waziwazi: "nilikabwa shingo". Ukisema tu "nilipigwa" hataangalia mahali panapohitaji kuangaliwa.

Sasa swali la pombe. Mama mkwe wako ana kipande cha ukweli, na nitakipa heshima yake kabla ya kusema anapokosea.

Pombe hulegeza kwanza sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo, inayozuia ulimi na mkono, inayosema "subiri". Hasira hubaki macho. Pamoja na hayo, uwezo wa kuangalia mambo kadhaa kwa wakati mmoja hupungua sana. Fikiria taa ya dagaa usiku wa giza: inaangaza duara dogo la maji chini ya mtumbwi, na ziwa lote lililobaki halionekani. Mlevi huona kile kilicho mbele yake wakati huo, neno ulilolisema, sahani iliyopoa, simu iliyoita, na hayo yote mengine (watoto waliolala, kesho, sheria, mapenzi yenu) yanakuwa nje ya mwanga. Wanasaikolojia wamelieleza jambo hili tangu mwaka 1990 na majaribio mengi yameliunga mkono. Ndiyo sababu kubishana na mlevi kwa hoja ni kazi bure. Hoja yako, hata ikiwa ya kweli kabisa, inageuka kuwa kitu pekee anachokiona, na anakikasirikia.

Ukali huja zaidi pombe inapopanda mwilini, kuliko inaposhuka. Bia moja ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kileo. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 250 ya asilimia 35, ina karibu gramu 70, yaani bia tatu na nusu ndani ya mkono mmoja. Ini la mtu mzima husafisha gramu 7 hadi 10 kwa saa, basi. Kahawa, maji ya baridi, mchuzi wa pweza au wa sato havibadilishi kasi hiyo. Gongo haina kipimo: leo imepikwa nyepesi, kesho kali, hivyo mnywaji hawezi kujua amefika wapi. Mume wako anapoanza na bia tumbo likiwa tupu kisha akamalizia na gongo, anarudi nyumbani wakati kileo bado kinapanda. Saa ile anayofika mlangoni ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Piga hesabu hiyohiyo kwa upande wa asubuhi. Bia 6 ni gramu 120. Akiziacha saa sita usiku, kileo kinaweza kubaki mwilini mpaka mchana wa siku ya pili. Yale machozi ya saa mbili asubuhi, toba, na nyama iliyonunuliwa buchani, vinatoka kwa mtu ambaye huenda bado ana pombe kwenye damu. Sisemi anadanganya. Nasema ahadi ya saa hiyo usiijengee nyumba.

Hapo ndipo mama mkwe anapoishia, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Kama pombe peke yake ingekuwa inapiga, ingempiga kila aliye karibu. Jiulize, ujijibu kwa ukweli: akiwa amelewa kijiweni, amewahi kumkaba tajiri wa mtumbwi anayemdai? Amewahi kumpiga mwenyekiti wa mtaa? Akikutana na polisi njiani, hutukana vilevile au hunyamaza na kunyoosha mwendo? Anapokupiga, hupiga usoni au mahali panapofunikwa na nguo? Sauti ya jirani ikisikika nje, huendelea au hushusha sauti? Mtu anayeweza kuchagua nani, wapi na mbele ya nani, bado ana breki, na anajua kuzitumia. Halafu angalia siku zile hajanywa. Je, anapekua simu yako? Anakukataza kwenda kwenye kikundi? Anashika pesa yote na kukugawia kwa kukusimanga? Akikasirika bila pombe, unaogopa? Majibu ya "ndiyo" yakiwa mengi, una matatizo mawili ndani ya nyumba: moja ni pombe, la pili ni mume anayeamini ana haki ya kukutawala kwa kukutisha. Pombe huliongezea hilo la pili nguvu na kisingizio.

Kuna jaribio maarufu la Marekani la miaka ya 1970: wanaume walipewa kinywaji kisicho na kileo, wakaambiwa kina pombe. Waliodhani wamekunywa waliongeza ukali wao, bila tone la kileo mwilini. Majaribio ya baadaye yameonyesha kuwa kileo chenyewe nacho kina nguvu yake, kwa hiyo si imani tupu. Lakini mahali ambapo kila mtu amekubaliana kwamba "mlevi hahesabiwi", mwanaume hujifunza kwamba akinywa amepewa ruhusa. Kila tunaposema "si yeye, ni pombe" tunamsainia ruhusa hiyo upya.

Na kusahau? Huenda kweli hakumbuki. Kiasi kikubwa cha pombe kikiingia kwa haraka, sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu huacha kuandika, wakati sehemu nyingine zinaendelea na kazi. Mtu anatembea, anazungumza, anatafuta panga mahali linapokaa, anafungua mlango kwa ufunguo. Kesho hakuna kilichoandikwa. Lakini aliyetenda ni yeye, kwa hasira yake na kwa maneno aliyonayo kichwani. Kutokukumbuka hakumaanishi hakuamua. Sheria nayo inaona karibu hivyohivyo: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haimpi kinga mtu aliyelewa kwa hiari yake. Mahakama inaweza kupima kama ulevi ulimzuia kuwa na kusudi fulani, lakini kosa halifutiki kwa sababu ya kusema "nilikuwa nimelewa". Kusahau kwa namna hii kukijirudia, kwa upande wa tiba, ni dalili kwamba unywaji umefika pabaya.

Kuhusu mirungi: ina kichangamshi kinachofanana kwa utendaji na dawa za kukesha. Mtu haoni usingizi, haoni njaa, moyo unakwenda mbio, na akitafuna sana kwa siku kadhaa anaanza kuwa na wasiwasi na kuhisi watu wanamsema au mke ana mtu. Ikichanganywa na pombe hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mirungi humficha asijisikie amelewa, anaendelea kunywa. Ikiisha nguvu huacha uchovu na hasira za ovyo. Kwa hiyo kama vitisho vya kuua vilianza baada ya mirungi kuingia, mabadiliko hayo yana maana, yaeleze kwa daktari. Bangi ni tofauti kidogo. Kwa wengi hulegeza, haichochei ugomvi papo hapo, ila anayevuta sana huweza kupata fikra za kuandamwa, na anayeiacha ghafla huwa na hasira na kukosa usingizi, hasa wiki ya kwanza. Heroini hulaza, na fujo zake hutokana na kutafuta pesa na arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa. Usikubali mtu akwambie "dawa za kulevya zote ni kitu kimoja". Matibabu yake si mamoja.

Akiacha pombe, yataisha? Kwa baadhi ya wanaume, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Wanaume waliokuwa tegemezi wa pombe, wakatibiwa na kuacha, hupunguza sana kuwapiga wake zao, na hilo limeonekana katika tafiti zaidi ya moja. Wale ambao kipigo na udhibiti vilikuwepo hata siku kavu, pombe ikiondoka hubaki na udhibiti, na wengine huwa wakali zaidi majuma ya mwanzo kwa sababu mwili unalilia kileo. Mimi kwa hali uliyoieleza, yenye panga na kukabwa, nisingekushauri usubiri aache pombe ndipo uwe salama. Usalama kwanza, matibabu yake baadaye, na yote mawili yanaweza kwenda sambamba.

Dawa ya kwenye uji, tafadhali, usiiweke. Ipo dawa halisi ya hospitali inayomfanya mtu aikatae pombe, inaitwa disulfiramu. Huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja kileo, sumu inayotokana na kileo inajaa mwilini, na mtu akinywa anakuwa mwekundu, anatapika, moyo unakimbia, shinikizo la damu linashuka. Hutolewa kwa mtu aliyekubali, aliyekaa angalau saa 12 bila pombe, aliyepimwa moyo na ini, na aliyeelezwa kwamba hata siku 14 baada ya kidonge cha mwisho bado akinywa atadhurika. Sasa mpe mtu huyo kwa siri, anywe gongo, kisha apande mtumbwi usiku. Anaweza kuanguka ziwani au kufia kitandani kwako. Na ile inayouzwa kwenye karatasi sokoni hakuna ajuaye ina nini. Akidhurika, polisi watakuuliza wewe. Akigundua bila kudhurika, umempa sababu ya kukushambulia ambayo ndugu wote watamkubalia.

Lingine linalowapotosha watu ni kumfungia mlevi ndani ili "imtoke". Mtazame mikono asubuhi. Kama inatetemeka, anatoka jasho, na hawezi kufanya lolote kabla ya kuzimua, mwili wake umeshakuwa tegemezi. Mtu kama huyo akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 tangu alipokunywa mara ya mwisho, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyopo na kuwa hatari kwake na kwa wengine. Wengine hufa. Huyo anaachishwa pombe hospitalini, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo na vitamini B1. Kama hukaa wiki nzima ziwani bila tone na hatetemeki, hatari hiyo ni ndogo. Mchunguze kabla ya mtu yeyote kumkatisha.

Twende kwenye usiku wenyewe. Wewe una jambo moja ambalo wanawake wengi walio kwenye hali hii hawana: kalenda. Unajua siku za hatari kabla hazijafika, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa na mbalamwezi huwafukuza wavuvi ziwani. Siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu yuko nchi kavu, ana pesa, ana muda. Tumia siku za giza, akiwa kwenye maji usiku na amelala mchana, kufanya maandalizi, na siku za mbalamwezi, ikiwezekana, wewe na watoto mlale kwingine kwa sababu inayoeleweka: shangazi anaumwa, kuna maombi, mtoto ana mtihani na anahitaji mahali pa kusoma. Huhitaji kutangaza kwamba unakimbia.

Andaa mfuko mdogo, lakini usiuweke nyumbani. Mpelekee mtu mmoja unayemwamini, ambaye si wa upande wake. Ndani yake ziwemo kitambulisho cha taifa au namba yake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za kliniki, kadi ya bima kama mnayo, nakala ya cheti cha ndoa, dawa unazotumia kila siku za kutosha siku 7, nguo moja kwa kila mtoto, na nauli ya bodaboda na daladala mpaka mjini, tena taslimu, kwani simu anaweza kukupokonya. Panga, shoka na mundu viondoke chumbani na visirudi. Wala usivifiche chini ya kitanda ukidhani hatavijua. Kisu cha samaki vilevile. Kubaliana na jirani ishara moja ya kelele, bati kugongwa au mtoto kuitwa jina fulani, na akiisikia awaite watu, asije peke yake.

Akifika amelewa, simama upande wa mlango wa kutokea. Usiwe jikoni wala chumbani kwenye mlango mmoja. Usimuulize pesa imekwenda wapi, usimwage pombe yake, usimfiche ufunguo, usimkumbushe ya jana. Sauti ya chini, maneno machache, chakula mezani, ondoka. Huku si kushindwa wala kumpa haki. Ni kukataa kuingia kwenye lile duara la mwanga. Watoto wafundishwe kutoka, wasijaribu kuamulia. Akianza kutafuta silaha au kukusogelea shingoni, toka na watoto bila kiatu, bila kanga ya pili, vitu vitafuatwa kesho na mwenyekiti.

Akilala fofofo baada ya gongo, mgeuze alale ubavu ili asipaliwe na matapishi. Akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi ikakatika kwa zaidi ya sekunde 10, au asiamke hata kwa kufinywa, huyo si wa kuachwa alale, ni wa hospitali. Kesho yake akilalamika kwamba haoni vizuri, macho yana ukungu, tumbo linauma na anahema haraka, fikiria gongo yenye sumu ya methanoli na mkimbize mara moja. Kila saa inayopita inaweza kumgharimu macho.

Kuhusu sheria na ofisi nitakuwa mfupi, kwa sababu haya yanajulikana zaidi. Kutishia kuua kwa maneno ni kosa la jinai peke yake, hata kama hukuguswa. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, mila iseme itakavyosema. Nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, omba kuandika maelezo, chukua namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi, na fomu namba 3 ya polisi, ile PF3, uende nayo hospitali. Ukiwa umeumia vibaya nenda hospitali kwanza, fomu itafuata. Kwenye maelezo usiandike "mume wangu mlevi ananisumbua". Andika tarehe, saa, maneno yake kama alivyoyatamka, mkono gani ulishika panga, alikukaba kwa mkono mmoja au miwili, kwa muda gani, nani alisikia. Kama una picha za majeraha, zitume kwenye simu ya ndugu yako kisha uzifute kwako. Usiku wa dharura namba ni 112, na 116 ni kwa ajili ya watoto. Afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Ilemela anaweza kukusaidia kuhusu mahali pa kukaa na matunzo, na hapa Mwanza shirika la Kivulini limefanya kazi hii ya haki za wanawake kwa miaka mingi. Usione aibu ukidhani ni wewe peke yako: utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliowahoji wanawake wa vikundi vya mikopo jijini Mwanza, ulikuta asilimia 61 wamewahi kupigwa au kulazimishwa na wenzi wao, na asilimia 27 katika miezi 12 iliyotangulia.

Kuna hatari moja ambayo lazima niitaje. Vipindi vibaya kuliko vyote ni pale mwanaume anapojua mke anaondoka au ameshaondoka. Kwa hiyo usimtishie kwamba utamshitaki, na usimwambie unaondoka. Ukishaamua, ondoka akiwa ziwani. Baadaye akiomba mkutane mzungumze, iwe ofisini kwa mwenyekiti au kwa afisa ustawi, mchana, watu wakiwepo. Kikao cha ndugu cha kumaliza mambo usiku nyumbani, yeye akiwa ameshaonja, sikukubalii hata kidogo. Vilevile ushauri wa wanandoa mkiwa mmekaa kiti kimoja na yeye si wa wakati huu. Utakachokisema mbele ya mshauri unaweza kukilipia usiku.

Kama ungependa atibiwe, na naona kwenye swali lako kwamba unapenda, asiwe ni wewe wa kumwambia peke yako. Wakati mzuri ni katikati ya siku za giza, hajanywa kwa siku 3 au zaidi, ameamka na amekula. Maneno yawe machache na ya mambo yaliyotokea: "Tarehe fulani ulinikaba shingo, mtoto mkubwa aliona. Nataka uende hospitali." Hospitali watamuuliza maswali 10 ya kipimo cha unywaji kinachotumika duniani kote. Alama 8 na kuendelea ni unywaji wa hatari. 20 na kuendelea pengine ni utegemezi, na huyo huhitaji kliniki ya afya ya akili, Sekou Toure au Bugando. Mkielekezwa kwenye nyumba ya upataji nafuu, ulizeni kama imesajiliwa, kama kuna daktari anayefika, na kama mgonjwa anaruhusiwa kuongea na ndugu. Palipo na minyororo na viboko msimpeleke.

Na mama mkwe usimfanye adui. Usimwambie mfuko uko wapi wala siku utakayoondoka, maana ni mwanawe, na siri itamshinda. Lakini yeye ndiye mtu ambaye mume wako anaweza kumsikiliza bila kuona ameshindwa na mkewe. Mwambie hivi: "Mama, umesema ni pombe. Basi nisaidie aitibu. Wewe ndiye umpeleke." Akikubali, mpe tarehe ya kliniki na nauli ya kwenda na kurudi.